Herufi Moja Iliyofuta Majina

Nakumbuka asubuhi moja hapa Bunia, mwanangu, miaka ile vita ilipokuwa imenyamaza lakini watu bado wanalala na viatu karibu. Nilikuwa kijana, nimetoka tu masomoni, na nilijiona fundi wa C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Ofisi moja ndogo kule Shari, nje kidogo ya mji, iliandikisha watu waliopotezana na ndugu zao. Mkuu wake, Muzee Anselme, mwalimu mstaafu, alikuwa na majina kwenye karatasi. Nikamtengenezea programu. Kila mtu akawa rekodi moja: jina, kijiji, mahali anapolala sasa, na anayemtafuta. Zote ziliandikwa katika faili moja ya binari, isiyosomeka ila kwa programu yenyewe. Karatasi nikasema hazina kazi tena, tukawashia moto wa chai.

Asubuhi hiyo alifika mama mmoja kutoka Kasenyi, kule ziwani, anayemtafuta mumewe, nikamwandikisha. Jana yake nilikuwa nimegusa mstari unaofungua faili. Penye "ab", yaani ongeza mwishoni, niliweka "wb". Na C haikuulizi mara mbili, mwanangu. Ukifungua kwa "wb", yaliyomo yanafutwa hata kabla hujaandika kitu. Nilipoisoma faili, nilikuta rekodi moja tu, ya yule mama.

Nilifikiria kusingizia umeme. Muzee alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Majina ya batu iko wapi?"

"Haiko tena, muzee. Ni mimi nilifungua faili vibaya."

Hakunigombeza. "Tutaenda kubauliza tena. Na weye ndiye utabaambia sababu."

Tulizunguka kwenye kambi ya waliokimbia vita, tukashuka Kasenyi, tukafika mpaka Bambu. Wengi walitaja majina upya, na wengine walilia upya. Kuna waliokuwa wamekwisha kuhama.

Baada ya majuma machache aliingia msichana wa miaka kama kumi, ameletwa na jirani. Alimuulizia tate yake, mama wa mama yake, akataja jina. Nililijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliandika kabla faili haijafutika, yule bibi ameketi mbele yangu.

"Alipita hapa," nilimwambia.

"Sasa iko wapi?"

"Sijui."

Tulimtafuta miezi mingi. Hatukumpata.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla hujagusa faili ya watu, tengeneza nakala, uiweke mahali pengine. Mstari mpya ujaribu kwanza kwa majina ya uongo. Kama unasoma tu, fungua kwa "rb". Kurekebisha rekodi iliyo katikati ni "r+b". Tazama pia hesabu ambayo fwrite, ile amri ya kuandika, inakurudishia, usiamini tu kwamba imeandika. Na siku utakapoharibu, kwa sababu utaharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka, mwanangu, na kila jina utakalokabidhiwa ulifikishe kwa anayelingoja.