Ubeti Uliokatwa

Jirani yangu fundi cherehani hupangusa santuri zake kwa flaneli, akizishika ukingoni kwa viganja tu, kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Zote ni mikusanyo ya nyimbo za mume na mke waliovuma ujanani mwake, ila kila moja imetolewa nchi yake ya ng'ambo. Alikuwa akitafuta wimbo mmoja, ambao matoleo ya hapa yaliukata kabla mke hajaimba ubeti wa mwisho. Aliandika barua ng'ambo kuuulizia kwa miaka kumi na mmoja. Juzi kifurushi chenye wimbo huo kikafika, lakini masikio yake yalikuwa yamekwisha kufa. Siku hizi wateja humwandikia vipimo kwenye karatasi. Akaniita, akaiweka santuri, akabandika kiganja kwenye spika.

"Mke ameanza?" aliuliza kwa sauti kubwa mno.

Nikatikisa kichwa kumwambia bado. Sauti ya mke ilipoingia, nikamgusa fundi bega. Akafumba macho, akasikiliza kwa kiganja, kisha uso ukamshuka.

"Anasemaje, mwanangu?"

Nikachukua chaki yake, nikamwandikia maneno juu ya kitambaa cheusi cha mteja, mstari baada ya mstari. Aliyasoma polepole, midomo ikimcheza, na santuri ilikuwa imekwisha zamani.