Bomba la Hewa la Pikapu ya Mjomba

Miaka ile ya ruksa, mtu aliyeweza kujikusanya aliruhusiwa kuagiza gari kutoka nje, na mjomba wangu, kaka yake mama, akaleta pikapu iliyokwisha kutumika. Ili aipate aliuza mashine ya kusaga iliyokuwa ikimlisha. Kwa hiyo pikapu ile ikifa, hakuwa na pa kurudi. Hilo nyumbani tulilijua wote.

Mwenye gari wa kwanza alikuwa amelichezea. Aliondoa sanduku la chujio la hewa lililotoka nalo kiwandani, akafunga bomba linalong'aa lililoshuka hadi nyuma ya bampa, na mwishoni mwake chujio lenye umbo la pia. Mjomba alielezwa Dar es Salaam kwamba injini ikivuta hewa ya baridi kutoka kule chini hupata nguvu zaidi. Nguvu alizipenda, na mngurumo aliupenda kuliko nguvu. Akitokea upande wa Kitangari, watu wa Newala walijua ni yeye kabla hajaonekana.

Lakini barabara zetu wakati wa kiangazi ni mchanga na vumbi laini kama unga, na bomba lile liliweka mdomo humo humo. Kila aliporudi kutoka kupeleka abiria Masasi, mjomba alilifungua chujio, akaligonga kwenye tairi, likatoa wingu. Gari likaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Fundi wake wa Masasi, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamwambia kwamba vumbi linaisaga injini, na isipopata hewa safi haitaufikia msimu wa korosho. Sanduku la kiwandani lilitafutwa, halikupatikana. Mzee akashauri bomba lipandishwe juu ya paa la gari, hewa ivutwe huko.

Mjomba akaileta kazi hiyo kwangu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba miaka michache nyuma, na kazi niliyojifunza ni ya bati: ndoo, koroboi, na zaidi ya yote gata, mifereji ya bati inayokinga maji ya mvua paani. Kwetu maji ni shida, na kila mwenye nyumba ya bati anataka tone lisipotee kati ya paa na kisima chake. Gata zangu hazikuvuja. Hicho ndicho kitu pekee nilichojivunia, maana kuongea mbele ya watu kulinishinda. Hata bei ya kazi zangu, mama ndiye aliyewatajia wateja.

Sikuwahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ile. Nilitengeneza sanduku jipya la chujio, nikatoa bomba la bati kando ya boneti na kulipandisha ubavuni mwa kioo mpaka juu ya paa. Kila kiungo nilikiziba kwa risasi ya kuyeyusha, kisha kwa lami. Juu kabisa nikaweka mdomo mpana kama faneli, uliotazama mawinguni, sawasawa na ule ninaouweka pale gata inapomwagia kwenye bomba la kisimani. Mkono wangu haukujua mdomo wa namna nyingine. Mjomba alilizunguka gari mara mbili, akasema sasa linapumua kama mtu.

Kwa siku za kiangazi zilizobaki lilipumua kweli. Chujio lilirudi safi, moshi ukapungua, na mjomba akawa ananisifia kwa abiria mpaka nikawa napitia nyuma ya nyumba nikisikia anakuja.

Kisha ikaja mvua ya kwanza, kubwa, tangu alasiri hadi magharibi. Maji ya mwanzo tuliyaacha yaoshe bati, tukayamwaga, halafu yaliyofuata tukayaelekeza kisimani. Mimi nilizunguka nyumba kukagua gata zangu. Hakuna hata moja iliyovuja. Pikapu ilisimama uani, wala sikuitazama.

Asubuhi mjomba aliwasha. Stata ilitoa mlio mmoja mfupi, ikanyamaza. Alijaribu tena, injini ikakataa kuzunguka, kama kitu kilichojazwa mawe. Mjomba akampa kondakta wa basi la Masasi ujumbe wa kumwita fundi.

Fundi alikuja kesho yake kwa basi la Masasi. Nilimwamkia, akaitika marahaba macho yakiwa kwenye injini. Alitoa plagi zote, akamwambia mjomba azungushe stata. Maji yakaruka kutoka kwenye silinda, yakamlowesha mzee kifuani.

Mjomba akashuka. Alisema ni petroli ya madumu, kwamba yule jirani anayeiuza ameichanganya na maji, na sasa atakwenda kumwambia mbele ya wateja wake. Alikwisha kuvaa kofia. Mimi nilikuwa nayatazama maji yale chini. Yalikuwa na rangi ya maji yanayoosha bati. Nikainua macho juu ya paa la gari, nikauona mdomo wangu wa faneli ukitazama mawinguni.

"Mjomba, usiende," nikasema. "Si petroli. Ni mimi."

Fundi alisimama juu ya tairi, akaingiza mkono kwenye mdomo ule, akautoa umelowa. "Kijana," akasema, "hili ni gata."

"Wewe mvua hukuiwaza?" mjomba akaniuliza.

Nikamwambia kweli, kwamba niliiwaza muda wote, na ndiyo maana niliziba vizuri. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Mjomba hakucheka. Alimuuliza tu kama gari litapona.

Ilichukua hadi mchana. Walikausha, wakabadilisha oili, wakarudisha plagi, na mara ya tatu injini ikashika, ikikohoa kwanza. Mjomba aliketi kwenye bampa, akajifuta uso kwa kofia yake. Hapo ndipo alipocheka.

Nilikata mdomo, nikaugeuza utazame nyuma na chini. Kisha fundi akanipa msumari, akasema nitoboe tundu chini ya sanduku la chujio, ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Nikaushika msumari nikasita. Sikuwahi kuitoboa kazi yangu ili ivuje.

Mjomba akaja akanishikia sanduku kwa mikono miwili. Yeye huniita jina lile lile ninalomwita.

"Gonga, mjomba," akasema.

Nikagonga.