Nguruwe wa Mayai na Gari la Gebhard

Viazi vya Irmtraud vilinuka mpira. Nimevila mara nyingi kuliko nilivyopenda, maana nyumba zetu zimeshikana ukuta, na huku kwetu Ujerumani, juu ya milima ya Alb, jirani akikuita kula Jumamosi huwezi kumwambia umeshiba. Saladi yake ya viazi ilikuwa na siki, na vitunguu, na supu ya mfupa, kila kitu mahali pake. Ila ukimeza tu, koo linakurudishia harufu ya karakana. Nilikuwa natabasamu na kuomba maji.

Ubaya ulitoka stoo ya chini ya nyumba. Upande huu viazi, mapipa ya kabichi chachu na chupa za jamu. Upande ule, yametundikwa ukutani kama mapaja ya nyama ya kukausha, matairi ya gari la Gebhard mumewe. Wakati wa joto yalikaa pale ya theluji, wakati wa baridi yalikaa pale ya joto. Hayakuondoka yote hata siku moja.

"We Gebhard, pua yako imekufa?" Irmtraud alimwuliza mbele yangu, uma ukiwa hewani. "Hata panya wamehama."

"Panya wamehamishwa na kabichi yako," alisema Gebhard, akaendelea kutafuna.

Niwaeleze huyu Gebhard Rapp ni mtu gani. Alifanya kazi kiwanda cha gia kule bondeni tangu ndevu hazijamwota mpaka zikawa nyeupe. Hakuvuta sigara, hakwenda pwani kama wenzake, hakubadilisha pazia. Alipostaafu akanunua gari la mbio, la kijivu, refu la pua, fupi la mgongo, linalonguruma hata likiwa limesimama. Kijiji kizima kilitoka kulitazama. Padri alilizunguka mara mbili akauliza mizigo inakaa wapi. Gebhard akajibu, "Mizigo ya nini, baba?"

Baba yake alikuwa fundi viatu, na alimlea kwa sheria moja: viatu vya zizini ni vya zizini, viatu vya kanisani ni vya kanisani, na anayeingia zizini na vya kanisani achapwe. Gebhard alikua hivyo. Kitu cha nusunusu kilimtia kichefuchefu kabisa, sio maneno tu. Huku watu wanapenda juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi. Yeye akiiona mezani hugeuza uso kama mtu aliyeona kidonda. "Kama ni juisi iwe juisi," husema. "Kama ni maji, kuna bomba."

Sasa vuli moja matairi yake ya baridi yalikuwa yamekaribia kipara, na mgongo wake ulikuwa umekwisha. Majira ya kuchipua yaliyopita aliyapandisha yale ya joto ngazi za stoo mwenyewe akabaki amepinda kama ndoano ya kuvulia, tukamnyoosha mimi na Irmtraud kwa maji ya moto. Basi Irmtraud akasema safari hii wanakwenda wote kwa Ottmar Zwick, mwenye karakana ya matairi, na mimi nikafuata, maana sina kazi na napenda kutembea.

Ottmar alitoka na kofia yake ya sufu, ambayo haivui hata Agosti, akivingirisha tairi jipya.

"Haya hapa ya misimu yote," alisema. "Ukivaa umevaa. Hakuna kupandisha ngazi, hakuna kutundika stoo. Mgongo unapumzika, mama anakula viazi vinavyonuka viazi."

"Amina," alisema Irmtraud.

Gebhard aliliangalia lile tairi kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. Akaligusa kwa kidole kimoja. Halafu akakifuta kidole kwenye suruali.

"Hili nini?"

"Tairi, Gebhard."

"Hili si tairi. Hili ni nguruwe wa mayai."

Watu wa kwetu wana mnyama huyo: nguruwe anayetaga mayai, anatoa sufu, anakamuliwa maziwa, na mwisho bado anachinjwa ukapata soseji. Hajawahi kuonekana. Anatajwa pale mtu anapokuuzia kitu kimoja akidai kitafanya kazi zote. Lakini sijapata kumsikia akitajwa kwa chuki kama siku ile. Mdomo wa Gebhard ulikunjana kama aliyekula limau bovu.

"Yai lake dogo," alisema, "maziwa yake maji, na soseji yake nani ataila? Wewe utaila?"

"Ngoja kwanza," alisema Irmtraud, mikono kiunoni. "Na mimi ni nani nyumbani kwako? Napika, nafua, nalima, napaka rangi madirisha, nakukanda mgongo. Nguruwe wa mayai si mimi? Mbona mimi hujanitemea mate?"

Ottmar alicheka mpaka akajishika kofia. Gebhard hakucheka.

"Sikudanganyi," Ottmar alimwambia akishajifuta macho. "Kwa gari lenye nguvu kama lako, seti mbili, ya joto na ya baridi, ndizo bora. La joto linashika lami ya kiangazi kama kiganja, na hili ukilikimbiza kwenye kona litalegea. Barafu ikikaza, la baridi linalishinda pia. Ila lina sifa moja: halikuulizi tarehe. La joto likikutwa na theluji, bwana, ni sabuni ya kuogea."

"Tarehe naijua," alisema Gebhard. "Kutoka O mpaka O."

Kwa lugha yetu Oktoba na Pasaka yote huanza na O, na wenye magari hapa hufuata hivyo: Oktoba unavaa ya baridi, Pasaka unavua. Wengi huisema huku wakichungulia dirishani. Gebhard aliisema kama amri ya Musa. Akachukua matairi mapya ya baridi, akayafunga, na njia nzima kila mara akawa anakifuta kile kidole.

Pasaka ya mwaka uliofuata ilikuja mapema, Machi haijaisha. Kwenye vivuli vya misonobari theluji ilikuwa bado imelala, chafu, yenye madoa ya masizi, kama shuka la mgonjwa. Nilimkuta Gebhard Jumamosi Kuu yuko nje na jeki, amejifunga mkanda wa mgongo, anavua matairi ya baridi.

"Pasaka ya safari hii imekuja na koti," Irmtraud alimwambia kutoka dirishani. "Subiri."

"O ni O," alisema Gebhard.

Akayashusha stoo, yakilia dondodondo kwenye ngazi, na Irmtraud akafunga dirisha kwa kishindo.

Yeye alikuwa na kazi yake. Mjukuu wao, Jule, anayekaa mjini kule bondeni, alikuwa apokee Komunyo ya kwanza Jumapili inayofuata Pasaka. Tunaiita Jumapili Nyeupe, kwa ajili ya magauni ya watoto. Kila mtoto huingia kanisani kwa maandamano na mshumaa wake mrefu, na wa Jule alikuwa anaupamba bibi yake kwa nta za rangi: suke la ngano, kikombe, samaki. Kwaresma yote aliukalia. Yule samaki alitoka amepinda, akambandua akamrudia, mara tatu sijui nne, na mshumaa ukawa tayari Jumamosi jioni, mkesha wa Komunyo. Jule alikuwa ameambiwa atapewa mlangoni mwa kanisa, kwa mkono wa bibi. Bila mshumaa haendi na wenzake; anakaa benchi na wazazi.

Jioni hiyohiyo theluji ikaanza kuanguka.

"Gebhard, rudisha yale mengine."

"Theluji ya Aprili hii. Mate tu. Asubuhi imekauka."

Asubuhi ilikuwa imefika kwenye ugoko. Nilikwenda kwao nimevaa tai, maana nilikuwa nimealikwa, nikawakuta wamesimama ukumbini wote wawili na nguo nyeusi.

"Shuka stoo," Irmtraud alikuwa anasema. "Mimi nitakushikia jeki."

"Leo Jumapili, mama! Nipige spana barabarani, watu wanakwenda misa wananitazama? Yule jirani wa ng'ambo ya barabara ameshakaa dirishani na kahawa yake."

"Na akitazama, atakula nini chako?"

"Jumapili haifanywi kazi. Tutakwenda polepole."

Ni kweli huku Jumapili hata nyasi hazikatwi. Mtu akipiga nyundo, jirani anakohoa kwenye ua. Ila nimekaa nikawaza baadaye: mtu mzima na mgongo mbovu alikuwa tayari kutuingiza korongoni sote watatu, lakini hakuwa tayari kukoholewa.

Nikaingia nyuma, magoti yakiwa masikioni, sanduku la mshumaa mapajani.

Barabara yetu ya kushuka bondeni ina kona kali. Ya kwanza tuliipita. Ya pili gari halikuiona. Kilichonichukiza ni ule ukimya. Gari lile lililozoea kunguruma kijiji kizima kikasikia lilikwenda pembeni bila sauti, kama mavi ya ng'ombe kwenye ubao uliolowa. Gebhard alizungusha usukani huku, akauzungusha kule. Ungesema anageuza sahani mezani. Likateleza, likateleza, likachomeka pua kwenye mtaro wa kando na kutulia hapo, mgongo juu.

Hatukuumia. Niliukumbatia mshumaa.

Irmtraud alifungua mlango akashusha mguu. Ule uji wa chumvi na tope wa kando ya barabara ukaingia kwenye kiatu chake cha kanisani mpaka kisiginoni. Akautazama mguu wake muda.

"Mfyuu!" alisema. Aliutoa mguu kwa sauti ya kunyonya, mbaya, hadi leo naisikia.

Tukasikia kijigari kinabadili gia nyuma yetu. Kilikuwa kidogo, rangi ya haradali iliyokauka, na ndani yake Ottmar na kofia yake, mama yake mzee mbele, na viti vya nyuma vimejaa keki za karamu. Kilishuka ile kona kama mbuzi. Kikasimama.

"Mama Irmtraud, nafasi ipo ya mtu mmoja," alisema Ottmar. "Ukiibeba hii keki ya cheri mapajani."

Gebhard alikuwa ameshatoka, theluji kwenye mabega. "Umevaa matairi gani hayo?" aliuliza, ingawa alikuwa anayaona.

"Nguruwe," alisema Ottmar, taratibu.

Irmtraud akanyoosha mkono kwangu, nikampa sanduku. Akaingia katikati ya keki.

"Na mimi je?" alisema Gebhard.

"Wewe baki na tarehe yako," alisema Irmtraud, na akafunga mlango.

Tulibaki wawili. Kengele za mjini zilianza kulia kule chini. Gebhard alipiga magoti kwenye theluji na suruali yake ya suti, akalitazama tairi lake la joto. Mifereji yake yote ilikuwa imejaa theluji, imepakwa laini, kama mkate uliopakwa siagi. Akaligusa kwa kidole kimoja. Akakifuta kwenye suruali.

"Linatia kinyaa," alisema.

Nikamwambia twende kwa miguu.

Tuliingia mjini viatu vinatapika maji. Misa ilikuwa imekwisha, watoto wametoka uwanjani, na mshumaa wa Jule ulikuwa unawaka, samaki amenyooka vizuri. Irmtraud aliwahi, mlango wa kanisa ulikuwa haujafungwa. Mpiga picha alikuwa anapanga familia. Aliuliza babu yuko wapi, akaona hayupo, na kwa vile picha ilihitaji mtu upande ule, akamsogeza Ottmar. Tulifika anawaruhusu kupumua. Picha ilikuwa imeshapigwa. Gebhard aliomba irudiwe, lakini Jule alikuwa ameshakimbilia keki, na theluji imegeuka mvua.

Jumatatu alikwenda karakana. Nilikuwa nyuma yake.

"Nipe nguruwe," alisema, kama mtu anayeomba dawa ya minyoo.

"Sikupi," alisema Ottmar. "Una matairi mapya ya baridi, yamekaa stoo yanatazama viazi. Kwa gari lile, na kwa kona hizi, hayo ndiyo yako. Tairi halina kosa, Gebhard. Ulilivua mapema."

"Basi nivue lini?"

"Mwulize mkeo."

Alimwuliza. Na Irmtraud alikuwa na jibu tayari, ameshalipika tangu kwenye zile keki: matairi ya joto yatafungwa siku atakayopanda maharage nje, na maharage hapa hayapandwi kabla baridi ya katikati ya Mei haijapita. Kabla ya hapo haingii kwenye gari lile, hata akiwa anakufa, atakwenda na Ottmar. Na la pili, stoo ni ya viazi.

Kwa hiyo siku hizi kila majira ya kuchipua Gebhard husimama kwenye uzio wa bustani, mikono mgongoni.

"Umepanda?"

"Bado."

Ile picha imetundikwa juu ya mlango wa stoo, mahali hasa pa kuipita ukishuka. Jule na mshumaa, Irmtraud na kiatu kimoja cheusi na kimoja cha rangi ya uji, na pale pa babu, Ottmar, ameshika kofia kifuani. Ndiyo mara pekee nimemwona ameivua. Gebhard akiteremka kuchukua viazi huinamisha kichwa, utadhani mlango ni mfupi.

Matairi yasiyotumika yamehamia chumbani, upande wake wa kitanda. Saladi ya viazi sasa ni safi, naila na naomba tena. Anayenuka mpira ni Gebhard.