Siku Spika za Besi Zilipopiga Mwano

Mchwa walianza na mabomba makubwa. Kinanda cha kanisa letu pale Bariadi kililetwa na mapadre wa zamani, na mabomba yake madogo yalikuwa ya bati, lakini yale ya besi yalikuwa ya mbao, marefu kuliko mtu, yamesimamishwa ukutani nyuma ya roshani ya kwaya. Nilipofika mimi, ukiligonga bomba la besi kwa kidole liliitika kama boksi la viatu. Ukikanyaga vikanyagio vya chini ilitoka pumzi tupu na vumbi kidogo. Waumini walikwishazoea. Nyimbo zote zilielea juu juu, na waimbaji wa sauti ya nne, ile ya besi, ambao wengi walikuwa wamekwenda Mwanza na machimboni kutafuta riziki, hawakuwa na wa kuziba pengo lao.

Nilimaliza chuo kikuu wakati serikali imekwisha acha kuwapangia wahitimu kazi. Waliotutangulia walipewa barua ya kituo na nauli. Sisi tuliambiwa soko ndilo litakalotuajiri. Niliandika maombi, nikayasoma tena baada ya kuyatuma, nikagundua makosa, nikakosa usingizi kwa ajili ya makosa hayo. Soko halikujibu. Padre aliyenifundisha kinanda sekondari, kwetu Morogoro, akaniambia kuna paroko Usukumani anatafuta mtu wa kupiga kinanda Jumapili na kuchapa barua za ofisi siku nyingine. Nikajiambia ni kazi ya kusubiria kazi. Sasa ulikuwa msimu wangu wa pili wa pamba.

Watu wa pale hawakuwa wakali. Walikuwa na adabu mno. Wakiniona nakaribia, Kisukuma kilikatika na Kiswahili kikaanza, na pamoja na Kiswahili ukaanza utaratibu: habari za asubuhi, habari za kazi, habari za Baba Paroko. Kisha kimya, mpaka nipite. Nilijifunza salamu zao chumbani, kwa sauti, mbele ya ukuta. Asubuhi *mwangaluka*, mchana *mwadila*. Lakini kati ya saa nne na saa sita nilikuwa sijui niko upande gani, na nilipokuwa bado napima, mtu alikuwa amekwisha nipita. Nikabaki na salamu mdomoni. Baadaye nilikaa nikiwaza kama ameniona mwenye maringo, na kama amewaambia wenzake.

Ndipo likaja lile boksi. Marafiki wa paroko wa zamani, huko Ulaya, walituma mtambo wa sauti za kidijitali: kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa redio, amplifaya, na spika mbili za besi zenye kimo cha kabati la nguo. Paroko akamwita fundi kutoka Mwanza, kijana mwenye kofia na maneno mengi. Alifunga vijiwaya chini ya vikanyagio, kimoja kimoja, ili mguu ukikanyaga, lile boksi lilie badala ya bomba lililoliwa.

Spika zilikataa kupanda roshani. Ngazi ni nyembamba na ina kona. Tulizisukuma, tukazigeuza, tukazirudisha.

"Msomi," fundi akasema, jasho likimtiririka, "vitabuni mwenu hawakuandika jinsi ya kupindisha kabati?"

"Hawakuandika."

"Basi ziache hapa chini stoo. Besi haina mwelekeo. Iweke popote, itakufuata."

Stoo ile ilikuwa nyuma ya kanisa. Ilikuwa na mlango wa kuingilia kanisani na, upande wa pili, matundu makubwa ya tofali za urembo yanayotazama mashamba. Tulizipanga humo, migongo ukutani, nyuso zikiangalia matundu, kwa sababu ndivyo zilivyotosha. Fundi akanikanyagia sauti mbili tatu, akanipiga begani, akasema, "Hiyo hapo, mzee. Sasa kanisa lina miguu," akawahi basi la mchana.

Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya misa ya shukrani ya mavuno. Paroko alikuwa ameondoka siku mbili nyuma kuzungukia vigango vya mbali. Nikabaki peke yangu na mtambo, na katika sauti ya mwisho kabisa ya chini nikasikia kitu. Mkwaruzo. Au sikukisikia. Nikikanyaga na kushikilia, niko roshani, siwezi kujua waliokaa chini wanasikiaje. Nikishuka, mguu unatoka na sauti inakatika. Hapakuwa na mtu wa kumwambia anishikilie. Ningeweza kumwomba mama mpishi wa parokia, lakini alikuwa anapepeta mchele, na niliwaza namna tatu za kumwomba na zote zikawa na kasoro. Nikatwaa tofali mbili kutoka nje, nikaziweka juu ya kikanyagio cha mwisho, nikashuka.

Sauti ya namna ile huisikii kwanza kwa masikio. Niliipata magotini. Vioo vya madirisha vilikuwa vinasema vyenyewe. Nilikaa benchi la mbele, nikasikiliza mkwaruzo, nikahamia la pili, la tatu, upande wa wanaume, upande wa wanawake. Mkwaruzo haukuwapo. Ningeweza kwenda kuondoa tofali. Lakini katika benchi fulani katikati ya kanisa sauti ile ilinikaa kifuani vizuri, kama mtu mzito aliyeketi karibu yako na hana haja ya kuongea. Nikabaki. Sijui nilibaki muda gani. Najua tu kwamba kwa mara ya kwanza tangu nifike mji ule sikuwa nawaza kitu.

Kisha nikasikia yowe. La kwanza lilitoka jikoni kwetu, na lilikuwa la mama mpishi. La pili lilimjibu kutoka upande wa ghala la pamba. La tatu lilikuwa mbali, la nne mbali zaidi, yakienda kama mtu anayerusha kitu kwa mwenzake.

Lazima nieleze. Kule, ng'ombe wakiibwa hupigwa mwano, yaani yowe la kuita watu, na katika vitongoji vile vya jirani mwano ulianza na pembe. Pembe iliyokatwakatwa ilimaanisha kikao. Pembe ndefu isiyopumua ilimaanisha ng'ombe wamekwenda, toka ulipo. Mwano hauulizwi. Ukiusikia, kwanza unaupokea kwa yowe lako ili wa mbele yako asikie, kisha unakimbia. Kuuliza ni baadaye. Spika zangu mbili zilikuwa zimeelekea mashambani, zimepiga pembe ambayo hakuna kifua cha binadamu kingeweza kuipiga.

Nilipofika mlangoni walikuwa wanaingia uani. Fimbo, mapanga, mmoja na upinde. Baiskeli zilitupwa chini magurudumu bado yanazunguka. Mpima pamba mmoja wa mnunuzi binafsi alikuwa ameacha mizani yake, ana pamba kwenye nywele. Mbele alikuwa kamanda wa sungusungu, ule ulinzi wa jadi wa wanakijiji wenyewe. Alikuwa mkulima mwenye shingo nene, kifua wazi.

"Zimekwenda wapi?" akaniuliza.

"Nini?"

"Ng'ombe!"

"Hakuna ng'ombe. Ni kinanda."

Nyuma mtu akauliza, "Kinanda kimeibwa?"

"Hapana. Kinalia."

Ilikuwa bado inalia. Wote waliisikia, ikitoka matunduni, na niliona nyuso zikigeuka moja baada ya nyingine kuelekea stoo. Mama mpishi akaja mbio na ungo mkononi. "We baba, zima! Unaita dunia nzima!"

"Wewe ndiye uliyepiga yowe," nikamwambia, kwa ujinga.

"Nimepokea! Ulitaka nisipokee?"

Nilipanda ngazi nikaondoa tofali. Sauti ilikatika. Na watu waliendelea kufika. Walikuja wa kitongoji cha pili, kisha wa barabara ya Dutwa kwa baiskeli, wanahema, na kila kundi lilipofika liliuliza swali lile lile, na waliotangulia wakawajibu kwa Kisukuma, na kila mara nikatazamwa upya. Kamanda hakunigombeza. Alisema tu, "Kesho asubuhi, hapa. Mwano wa uongo una kikao chake," akaokota baiskeli yake.

Mama mpishi ndiye aliyeniambia adhabu, huku akirudi kupepeta. "Wanaweza kudai mbuzi. Au wakutenge."

"Kutenga ndio nini?"

"Hakuna anayekusalimia. Huuziwi chumvi. Huombi moto. Ukifiwa, unazika mwenyewe." Akapuliza makapi. "Mwaka juzi walimtenga mmoja kule karibu na Mkula. Alihama na mabati yake."

Mchana ule wote nilifanya jambo ambalo ni mimi tu ningelifanya: nilikaa nikapima tofauti kati ya kutengwa na maisha niliyokuwa nayo. Hakuna atakayenisalimia. Nani alinisalimia? Walinisalimia wote, na hakuna aliyesimama. Nani aliniomba moto? Hakuna. Niliendelea hivyo mpaka nikakaribia kucheka, kwa kuwa nilivyopima, kutengwa kungenigharimu chumvi peke yake. Halafu nikaogopa kupita kiasi. Nikakumbuka mama wa nyanya pale gengeni, ambaye akinifungia fungu langu huongeza moja bila kunitazama. Nikamkumbuka mzee mmoja wa kwaya aliyewahi kunisahihisha *mwadila* yangu na kunirudisha nyuma hatua chache ili nimsalimie upya. Vilikuwa vitu vidogo vya namna hiyo. Sikuwa najua kwamba ninavihesabu mpaka nilipoona kwamba mtu mwingine anaweza kuvichukua.

Asubuhi walikaa chini kando ya ukuta wa kanisa, kwenye kivuli, kila kitongoji na watu wake. Mimi nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maelezo yenye utangulizi. Kamanda hakuyahitaji.

"Kwanza," akasema, "huyu ni wa kaya ipi?"

Kila kitongoji kikatazama kingine.

"Analala wapi?"

"Parokia," mama mpishi akasema kutoka mlango wa jikoni.

"Parokia si kaya. Nani anamjibia? Baba yake nani hapa? Mjomba?"

Mpima pamba akasema, "Mwalimu wa kinanda huyo, kamanda. Mtu wa pwani huko."

"Morogoro," nikasema.

"Ndiyo, pwani," akasema mpima pamba, na wengine wakacheka.

Kamanda akakuna shingo. Akazungumza kidogo na waliokaa karibu naye, kwa Kisukuma, kisha akanigeukia kwa Kiswahili, na kwa adabu ile ile. "Bwana mwalimu, wewe hatuna shauri na wewe. Kutenga tunamtenga mwenzetu. Mtu hawezi kutolewa nyumba ambayo hajaingia. Mwano hujafundishwa, fimbo huna, zamu ya doria hatujakupa. Kosa ni la kinanda, na kinanda ni cha parokia. Parokia itatoa mbuzi."

Ningepaswa kushukuru. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Basi nitozeni mimi."

"Nini?"

"Mbuzi. Nitatoa mimi. Nimekaa hapa msimu wa pili. Niwekeni kwenye zamu."

Kicheko kilianzia kitongoji cha mbele kikafika cha nyuma. "Jamani, mtu anaomba faini!" "Msomi, ukikosa kazi njoo tukulimishe!" "Mwacheni, anataka nyama!" Hawakunidhihaki. Walifurahi kweli, na mmoja alinishika mkono akautikisa kwa muda mrefu. Kamanda alitabasamu, akasubiri kicheko kiishe, akasema, "Parokia itatoa mbuzi," kama mtu anayerudia saa ya basi kwa abiria asiyesikia vizuri. Kisha akatoa amri ya mwisho. Ile sauti ya chini kabisa isishikiliwe. Ikanyagwe na kuachiwa, kama pembe ya kikao.

Paroko alirudi Jumamosi, akasikia habari yote kwa mama mpishi kabla hajashuka kwenye pikipiki, akacheka mpaka akakaa chini, akatoa beberu mmoja wa sadaka.

Jumapili nikapiga. Kwa mara ya kwanza kanisa lile liliimba nyimbo za mavuno zilizosimama sakafuni badala ya kuelea. Nilikanyaga na kuachia, kama nilivyoamriwa, na niliona migongo ya watu ikinyooka kila besi ilipoingia. Wanaume ambao hawakuwahi kuimba walifungua midomo. Kamanda, ambaye si Mkatoliki wala hakuwa mtu wa ibada, alisimama mlango wa nyuma misa nzima, mkono mmoja umegusa ukuta, anasikiliza kwa kiganja. Hakuna aliyekimbia. Niliwaza kwamba nikimaliza, labda mtu atapanda ngazi aniambie neno. Nilichelewa makusudi kuzima amplifaya.

Nje nyama ilikuwa tayari. Walikaa chini tena kwa vitongoji, kila kundi limezunguka sinia lake, mikono inaingia na kutoka, mmoja anasimulia na wengine wanamkatiza. Nilisimama pembeni nikitafuta sinia lenye nafasi, nikalichagua moja, nikapiga hatua.

"Hapana, hapana, mwalimu!" Kamanda alinikuta kabla sijainama. Alikuwa amebeba kiti, kile cha sakristia chenye mto. Akakiweka kivulini, mbali na vumbi la watu, akanikalisha. Akaleta birika na beseni, akaninawisha mikono yeye mwenyewe, pole pole, mpaka vidoleni. Kisha akaniletea sahani ya bati iliyofunikwa. Lilikuwa ini lote.

"Mgeni wetu," akasema. "Kula."

"Wabeja," nikasema, yaani asante, na nililitamka sawasawa.

"Eee! Umesikia?" akawaambia wenzake, na wote wakaniitikia kwa furaha, wakainua mikono yenye mafuta, wakarudi kwenye masinia yao na kwenye Kisukuma chao. Ini lilikuwa laini, limekolea chumvi. Nililikata vipande vidogo, nikala taratibu, nikiwaangalia, ili nisimalize kabla yao.