Hodi ya Nne

Nafundisha biolojia sekondari hapa Tabora, na ugonjwa wetu walimu wa biolojia ni kuamini kwamba mtu akishaelewa, atatii. Mama yangu ndiye aliyeniponya.

Ana kisukari. Vidonge viliposhindwa, daktari alimwandikia sindano ya insulini kila asubuhi. Mama akagoma mpaka aambiwe hiyo dawa inakwenda kumwambia nani nini. Nikafurahi kama mjinga. Tukakaa uani kwetu Chemchem, nikamweleza kwamba insulini ni mgeni anayepiga hodi kwenye seli. Mlangoni kuna protini ambayo kazi yake ni kusikia. Ikisikia, inamgusa mwenzake wa ndani, naye anamgusa wa pili yake, habari inapokezanwa hivyo mpaka sukari inafunguliwa mlango. Kwake yeye, nikasema, hizo za mlangoni zimekuwa na masikio mazito.

"Kama marehemu baba yako," akasema, akakubali sindano.

Nilitembea kifua mbele. Nikamfundisha kujidunga, kisha nikaenda Goweko kusimamia mitihani kwa wiki nzima. Niliporudi nilimkuta mkekani, ulimi umekauka, haniiti kwa jina langu. Sijawahi kuogopa vile. Njia nzima ya kwenda hospitali nilimshika mkono nikiwatukana madaktari, watengeneza dawa na kila aliyenijia kichwani, isipokuwa mimi.

Alipopata nafuu nikamuuliza, kwa hasira, kwa nini zilitumika sindano tatu tu. Alinitazama kama mtoto wa jirani asiye na adabu.

"Nilipiga hodi tatu, mwanangu. Hawakuitika. Mtu mwenye heshima anaondoka."

Nyumbani kwetu hiyo ni sheria. Hodi tatu, usipojibiwa unageuza, hata kama unasikia vijiko vinagonga sahani ndani. Niliwahi kuchapwa mwiko kwa kupiga ya nne. Nilicheka pale wodini mpaka muuguzi akaja kunifokea, halafu nikalia, kwa sababu mgeni yule nilimleta mimi, na nusura anizikie mama.

Sasa namdunga mwenyewe. Kila asubuhi nasimama mlangoni pake. Hodi, kimya. Hodi, kimya. Ya tatu namsikia akikohoa makusudi, na haitiki. Napiga ya nne, naingia na sindano yangu.

"Hukulelewa wewe," anasema, na tumbo ameshalifunua.