Mabibi Harusi wa Kinu cha Mfenesi

Ipo siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka hujifunika uso kwa mtandio hata nikiwa peke yangu chumbani. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nimemaliza masomo, nimepata kazi ya ukarani, nna leseni ya gari, na kichwa kimejaa upepo. Kaa hapa karibu unisikilize. Sitokufokea. Nataka tu uujue ujinga wangu, usije ukaurithi pamoja na bangili zangu.

Tulikuwa tukikaa Bawshar, hapa hapa Maskati, mie, baba, mama, na Bibi aliyemzaa mama. Jina lake Bi Salha, mzaliwa wa Wete, Pemba. Alihamia huku Maskati na watoto wake na bunda moja la nguo, akamwacha nyuma dada yake mkubwa, Bi Nunu, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Tangu siku waliyoagana hawakutiana machoni tena. Wakisikilizana kwa simu siku ya Idi, na ile simu nusu yake ilikuwa salamu na nusu yake kilio.

Basi mwaka mmoja akaja jamaa yetu kutoka Pemba na gunia zito. Ndani yake mna kinu na mchi wake. Ule mfenesi uliokuwa uwanjani kwao umekatwa, watu wanataka kuongeza chumba, na Bi Nunu amelichukua gogo akampa fundi amchongee mdogo wake kinu. Bibi akafunguliwa lile gunia, akakiona. Alikaa chini akakikumbatia, akaingiza kichwa ndani akakinusa. Mie na mdomo wangu usio breki nikamwambia, "Bibi, hicho kinu au mume?" Akanijibu bila ya kutoa kichwa, "Mume gani angenisubiri miaka yote hii?"

Kikawekwa baraza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Bibi akitwangia kisamvu chake na kitunguu thomu chake, kutwa du, du, du. Lakini kila asubuhi chini ya kinu palikuwa na unga wa mbao, mwembamba kama poda ya mtoto, na kila asubuhi mie ndiye niliyefagia, nikinung'unika. Nikimwambia mama, kinu hiki kinaoza. Mama akinambia, niachie mama yangu na kinu chake.

Sasa, mwanangu, ikafika siku ya kuja kuposwa. Aliyekuja kuposa ni Bi Thuraya, mkaazi wa Khuwair ya Kusini, kwa ajili ya mwanawe Nasoro niliyejuana naye kazini. Bi Thuraya alikuwa na sifa zake. Watu wakisema akiingia nyumbani mwako hupitisha kidole juu ya kabati, halafu hukitizama. Mie nilikuwa nikimtaka Nasoro, sikufichi, nikimtaka kwelikweli, na wiki nzima nilisugua nyumba mpaka mikono ikachubuka.

Asubuhi ya siku yenyewe Bibi amemeza dawa zake amelala, mama amekwenda kuchukua halwa. Nikatoka baraza ya nyuma na fagio. Loo! Juu ya kinu wapo wadudu saba. Si wadogo, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Mgongo wa kijani unaong'aa, madoa ya manjano kama ya bizari, mabega mekundu, na pembe, yarabi, pembe ndefu kupita mwili wenyewe, pingili nyeusi na nyeupe, wanazichezesha huku na huku kana kwamba wananiuliza mimi ni nani. Vitabuni wanaitwa mbawakawa. Mie siku hiyo sikuona mbawakawa. Niliona mende waliovaa nguo za sikukuu, nikamwona na Bi Thuraya anawatizama.

Leo ndiyo leo, nikasema. Akimwona hata mmoja, posa imekufa.

Nikaleta dawa ya kupuliza nikawapulizia wote saba mpaka mkebe ukalia. Wakaanguka mmoja mmoja, miguu juu. Nikawafagia. Kisha nikakitizama kinu, nikaona vitundu vya mviringo vimetobolewa ubavuni, nikajua humo ndimo walimotoka, na huenda wengine wamo. Sikumwamsha Bibi. Nikakilaza kinu ubavu, nikakibiringisha mpaka nje ya geti, mie na jasho langu, nikakisukuma penye pipa la taka la baladia, yaani manispaa. Saa tatu lori likapita, wafanyakazi wawili wakakinyanyua wakakitupa ndani. Moyo uliniuma kidogo, siwezi kusema haukuniuma. Nikauziba kwa kufukiza udi nyumba nzima, na udi na dawa ya wadudu vikachanganyika, ikawa harufu ya harusi na hospitali.

Adhuhuri Bibi akatoka. "Kinu changu kiko wapi?"

"Nimekiweka stoo, Bibi, wageni wasije wakajikwaa."

Akanishika kidevu. "Mungu akulipe kheri, mjukuu wangu, akupe mume atakayekuona kama mie ninavyokuona." Nikaitikia amin. Kwa uongo wangu mwenyewe, mwanangu, nikaitikia amin.

Alasiri wakaja. Nasoro akaketi na baba majlisi ya wanaume, wanawake tukakaa ndani. Bi Thuraya hakupitisha kidole popote. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko, naye kumbe kwao Pemba vilevile, na yeye na Bibi hawakumaliza kikombe cha kwanza cha kahawa wameshaanza kuulizana koo na mitaa. Mara wakaingia kwenye mapishi. Bi Thuraya akasema kisamvu cha kusagwa kwa mashine yeye hakili, kinakuwa uji wa majani. Bibi akafurahi mpaka akajipiga paja.

"Basi una bahati. Nna kinu cha mti wa kwetu, mfenesi niliouchezea chini yake. Ukitaka nitakutwangia leo leo." Akanigeukia. "Kakitoe stoo, mama. Kizito hicho, mwite Nasoro akusaidie."

Njia ya mwongo fupi, na yangu mie haikufika hata mlangoni. Nilisimama pale na sinia mkononi. Mama akanambia si uende. Nikasema, "Bibi, hakiko stoo. Kilitoka wadudu. Nimekitupa. Baladia wamekichukua asubuhi."

Bibi alinitizama tu, halafu akatizama mikono yake. Bi Thuraya ndiye aliyepata ulimi mwanzo.

"Umekitupa? Kinu cha kwenu? Kwa sababu ya wadudu?"

"Niliogopa utawaona."

"Mimi!" Akashika kifua. "Na nani hana wadudu? Kwangu mie mchwa wamekula mlango wa choo, tunaoga tunaimba ili watu wajue kuna mtu!" Kisha akainuka, mama yule na unene wake, akafungua pazia akapiga ukelele, "Nasoro! Washa gari!"

Hivyo ndivyo posa yangu ilivyokwenda. Wanaume, na kanzu zao nyeupe na vilemba vyao walipanda gari, baba mbele na Nasoro kwenye usukani, wakapita Wadi Adai mpaka Al Amerat kulikokuwa jaa la mji, kukitafuta kinu. Sisi tukabaki na sambusa zinapoa. Walirudi jua linakaribia kuzama. Kanzu ya Nasoro ilikuwa na mafuta tangu kifuani mpaka chini, na kiatu kimoja kimekatika. Akasema kwa adabu, akimwelekea Bibi, "Tumechelewa, Bibi. Tingatinga lilikuwa limeshafukia." Mie siku zote nikidhani nampenda yule kijana kwa urefu wake na sauti yake. Hapo ndipo nilipompenda.

Bibi akasema, "Mpeni maji anawe."

Wageni walipoondoka nilimfuata chumbani kwake nikaanguka miguuni. Nilitaraji anilaani, au alie. Hakufanya hata moja. Alisema polepole, "Kukitupa hukunikosea, hukujua. Umenikosea kwa kutoniuliza. Nilikuwa nimelala hapo, hatua kumi kutoka ulipokuwa. Na ukaniacha nikuombee dua juu ya uongo." Nikalia nikamwomba radhi. Akasema, "Radhi ntakupa. Lakini kesho utampigia Nunu umwambie weye mwenyewe, kwa mdomo wako. Mie sina nguvu ya kumwambia."

Siku zile Bi Nunu hakuwa na simu. Ukipiga dukani kwa jirani yake Wete, ukiomba aitwe, ukakata, ukasubiri nusu saa ukapiga tena. Nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko miezi tisa niliyombeba mwanangu wa kwanza. Bibi amekaa ubavuni kwangu na tasbihi yake.

Nikaisikia sauti ya Bi Nunu, nyembamba, na nyuma yake kuku wanalia. Nikamsalimia, nikamwambia yote.

"Walikuwa wangapi?" akauliza.

"Nani, Bibi?"

"Hao wadudu."

"Saba."

"Wa kijani? Wenye pembe kubwa za madoamadoa?"

"Ndio."

"Ulimshika mmoja ukamweka sikioni? Alilia?"

Nikasema, "Sijui, Bibi. Niliwapulizia dawa."

"Masikini," akasema. "Masikini mabibi harusi wetu."

Hapo ndipo aliponieleza. Walipokuwa watoto, kila mwaka wadudu wale walikuwa wakitoka katika ule mfenesi, na yeye na Bibi wakiwaita mabibi harusi kwa mapambo yao. Kila mmoja akimkamata wake. Ukimshika hulia, nyii nyii, kama kiatu kipya, na wao wakisema biharusi analilia kwao. Bibi, aliyekuwa mdogo na mwenye huruma, akimwachia wake aende zake, halafu akilia yeye.

"Kinu kilipokwisha kuchongwa," Bi Nunu akasema, "fundi alinionyesha vitundu. Akanambia bibi, humu mna watoto wa wadudu, wanakaa ndani ya mbao miaka, nikitie mafuta ya taa wafe. Nikamkataza. Nikamwambia waache. Watatoka huko huko aliko Salha, na akiwaona atacheka. Kinu nimempelekea atwangie. Hao ndio niliompelekea."

Mwanangu, usilolijua ni usiku wa kiza. Mie nilidhani nimetupa gogo bovu na kuua mende. Kumbe bibi kizee wa Pemba aliufunga katika gunia utoto wa mdogo wake, ukapanda ndege, ukakaa mwaka mzima kwenye baraza yetu ukijitafunia njia ya kutokea, na siku ulipotoka umejipamba, mie nikaupulizia dawa kwa ajili ya kabati za watu.

Nikampa Bibi simu. Akasikiliza. Nikamwona anafumba macho. Kisha akacheka, wallahi akacheka, machozi yanamtoka na anacheka. "Saba, Nunu! Na mie nimelala! Nimelala kama gogo!" Wakazungumza hivyo mpaka simu ikakatika, na alipoiweka chini akanivuta kichwa akakilaza mapajani kwake, akawa ananipapasa nywele kama nilipokuwa mdogo. Akasema, "Basi mama, yamekwisha. Nimekuridhia." Na alikuwa ameniridhia kweli. Mie ndiye niliyechukua muda.

Bi Nunu alifariki baada ya miaka miwili. Hawakuonana. Kinu kingine Bibi aliletewa, kizuri, cha mti mwengine, naye akakitwangia na kukisifu, lakini sikumwona hata siku moja akiingiza kichwa kukinusa.

Nakwambia haya kwa sababu nakupenda, na kwa sababu nakuona unavyopita na mifuko myeusi nyumbani kwangu mie mama yako, hiki kikukuu, hiki kichafu, hiki cha nini. Usafi mwema, na mie sikukatazi. Lakini kitu cha mtu mzima usikitupe kabla hujakaa naye ukamuuliza: hiki kimetoka wapi, na ndani yake mna nini? Akikwambia tupa, tupa. Kuuliza kwenyewe hakuchukui muda wa kikombe cha chai, na kutokuuliza mie kumenichukua umri wangu wote. Usiwaonee haya watu wako mbele ya wageni, maana mgeni mwema atakuja kukusaidia kuwatafuta jaani, na mgeni asiyekuwa mwema bora aondoke mapema na kidole chake. Na ukikosea, maana utakosea, sema weye mwenyewe, mwanzo, kabla hujaombewa dua isiyo haki yako. Majuto ni mjukuu, na mie ndiye huyo mjukuu.

Mungu akuweke, mwanangu. Akuachie wazee wako wakae nawe mpaka uwamalize kwa maswali, akupe nyumba yenye kelele na mavyaa mwenye kicheko kama Bi Thuraya wangu, na kila alichotumiwa mtu kwa mapenzi kikipita mikononi mwako, kifike kizima. Amin, na useme na weye amin, lakini hii uiitikie kwa haki.