Kifungu cha Nane na Madereva wa Januari Mosi

Karani wa mikataba katika kampuni moja ya kigeni ya kusambaza maji, hapo mtaa wa Iftin, havumilii nafasi iliyoachwa wazi. Istahil, wa meza ya pili, anaujua mwendo wake: kidole chenye hina kinashuka kwenye fomu mstari kwa mstari, na kikikwama, kofia ya kalamu inagonga meza mara mbili, hapo mwenye fomu ajue amerudishwa. Sauti hapandishi. "Walaal, ndugu yangu, sheria haitaki makisio," husema.

Mkataba mpya ulipofika kutoka makao makuu ng'ambo, kidole kilikwama kwenye kifungu cha nane: kila mfanyakazi apumzike siku yake ya kuzaliwa. Kalamu iligonga mara nne. Madereva wa malori ya maji ya Dadaab ni arobaini, na vitambulisho vyao vyote vinasema wamezaliwa Januari mosi, tarehe anayoandikiwa kila asiyeijua yake. Akawaandikia wakubwa kwamba siku hiyo kambi za wakimbizi zitashinda na kiu. Wakamjibu kwa upole kwamba basi kila mtu ajaze tarehe yake ya kweli.

Wa kwanza kuja alikuwa Deeq, dereva mkongwe. "Abaayo, dada yangu, mimi nilizaliwa wakati wa ukame. Andika ukame."

"Ukame si tarehe," karani akamjibu, akamrudishia fomu.

Ikabaki fomu ya karani mwenyewe, maana naye ni wa Januari mosi. Ilikaa wazi siku tatu, Istahil akiichungulia. Siku ya nne akampigia simu mama yake huko kijijini Diff, akasikiliza kwa muda mrefu, akaandika taratibu: asubuhi ile ngamia mweupe alipozaa. Akapitisha kidole. Hakikukwama. Akagonga muhuri, kisha akamwambia Istahil amwite Deeq aje na ukame wake.